Wimbo Usiobadilika

Redio ikipiga kibao cha zamani cha bendi ya Tabora Jazz, au filamu mpya ikichukua muziki wa miaka 50 iliyopita, watu husema wimbo umerudi. Lakini sauti ni ileile, maneno ni yaleyale, na gitaa linaingia palepale lilipoingia siku ya kwanza. Kama wimbo haukwenda popote, aliyekuwa safarini ni nani?

Puge ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Iko katika wilaya ya Nzega, karibu katikati ya barabara ya Nzega na Tabora, ndani ya nchi iliyokula na kuvaa kutokana na njia. Katika karne ya 19 misafara ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kisha ikagawanyika: mingine Ujiji, mingine kaskazini kuelekea ziwa Nyanza. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba nguo na shanga kwenda bara, pembe kwenda pwani, na walitembea wakiimba. Mmoja alianzisha, wenzake wakaitikia. Wimbo uliotoka kambi moja haukulazimika kufika kambi ya pili vilevile. Mwanzishaji mpya aliweza kuingiza ubahili wa tajiri wao, au kiu ya mbuga waliyokwisha kuivuka. Wimbo wa namna hiyo uliishi kwa kubadilika. Usiofaa kazi ya siku ile haukuimbwa, na usioimbwa ulikufa, kwa kuwa haukuwa na ghala lingine ila vinywa vya watu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaichukua mizigo kutoka vichwani. Muziki nao ulitiwa kwenye chombo chake: rekodi iliuondolea wimbo ulazima wa kubadilika. Shem Karenga alipoimba "Dada Asha" na Tabora Jazz, pumzi zake za siku ile zilibaki kama zilivyotoka. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, na redioni hajawahi kufikisha miaka 35. Aliyemsikiliza akiwa mtoto leo ana wajukuu.

Hapo mambo yamepinduka. Zamani wimbo ulibadilika ili uendane na watu. Sasa wimbo umesimama na watu ndio wanaopita. Umekuwa kama mwembe wa njia ya misafara: msafiri anayerejea chini yake hauoni ukiwa umesogea, ila anajua kwa miguu yake ametembea kiasi gani. Anayesikia akiwa na miaka 60 kibao alichokichezea akiwa na 20 hausikii muziki peke yake. Anausikia umbali.

Redio na filamu hutuweka chini ya mwembe huo kwa namna mbili tofauti. Redio haina uso wa kuonyesha. Kipindi cha zilipendwa kikifika, mama anayepanga nyanya kando ya barabara, kinyozi na dereva wa lori husikiliza kibao kimoja, na kila mmoja ana Asha wake. Filamu huja na uso tayari. Mfano mkubwa unatoka nyumbani. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akaondoka na familia yake baada ya Mapinduzi ya 1964, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. "Bohemian Rhapsody" ya bendi yake, Queen, ilitoka mwaka 1975, na huko Marekani ilifika nafasi ya 9. Mwaka 1992, miezi michache baada ya kifo chake, filamu ya Wayne's World iliwaonyesha vijana wakitikisa vichwa garini kwa wimbo huo, nao ukapanda hadi nafasi ya 2. Hakuna noti iliyoongezwa. Mwaka 2018 ikaja filamu yenye jina la wimbo wenyewe, na wako waliomjua mwimbaji huyo kwa uso wa mwigizaji Rami Malek.

Mtu atapinga kwamba redio nayo haiji mikono mitupu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ya serikali. Ndiyo iliyorekodi bendi nyingi za nchi, na wimbo ambao haukuingia studio hauna namna ya kurudi. Tena waliocheza ukumbini walimwona mwimbaji, kwa hiyo hakuna wimbo uliowahi kukosa picha. Yote ni kweli. Lakini picha ya ukumbini ni ya aliyekuwapo: ameilipia kwa usiku wake, na anaweza kuiacha akipata nyingine. Picha ya filamu ni moja kwa mamilioni, na kazi ya kuufunga wimbo na maisha imeshafanywa na mtu mwingine. Mtazamaji anapewa kumbukumbu ya jambo ambalo halikumpata.

Kusimama kwa wimbo kumezaa pia deni. Nyimbo za wapagazi hazikuwa na mwenyewe, maana kila mbebaji alitia chake. Rekodi huacha mkono wa mtunzi ukionekana. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo wake ulivuka bahari, ukavalishwa maneno mengine, ukaingia katika filamu ya The Lion King mwaka 1994. Familia yake ilipata mapatano mwaka 2006, na rekodi ile ya kwanza ilikuwa shahidi asiyeweza kubadili kauli.

Basi tunaposema wimbo umerudi, tunaukopesha wimbo sifa isiyo yake. Tuliorudi ni sisi, tukiwa watu wengine, na tumeukuta ukiwa mali ya mtu. Mtangazaji anayetaja mtunzi, bendi na mwaka kabla ya kupiga kibao hapambi kipindi. Analipa sehemu ya deni. Sehemu iliyobaki, ya kusema wimbo huo unatuhusu nini leo, haiwezi kulipwa na mtangazaji wala mwongozaji wa filamu. Wapagazi waliilipa kwa kuongeza ubeti. Sisi tusioruhusiwa kuugusa wimbo tunabaki na maisha yetu tu ya kuongeza.