Mwezi, Samaki na Amana

Katika Sura ya Al-Baqara imebainishwa kuwa miezi miandamo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Mvuvi wa Tanga, tangu Moa hata Kigombe, aijua hisabu hiyo kwa kazi yake. Mwezi uandamapo, na ufikapo siku ya 15, huja bamvua. Ukaribiapo siku ya 7 au ya 22, maji hufa. Kwa hisabu hiyo wazee walijua siku ya kutega dema na siku ya kuvua kwa mshipi. Walijua tasi hufuata majani, na chewa hukaa pangoni mwa mwamba.

Elimu hii ni amana. Aliyeonyeshwa na babaye nyumba ya chewa, kisha akaitupia baruti, ameikhini. Yuko asemaye: “Maiti wa bahari ni halali, kosa li wapi?” Na ajibiwe: uhalali wa nyama hauhalalishi dhuluma ya mkono. Baruti huua wakubwa kwa wadogo, na huvunja mwamba usioota tena ila kwa miaka mingi. Wanawe watarithi kifusi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeikataza, na Sharia iliyokataza kudhuru na kufisidi imetangulia.

Basi mvuvi na amche Mola wake. Na mnunuzi aonapo nyama iliyolegea na uti uliovunjika, asinunue.