Jina la Tufani

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakusema lifanyweje jina la kutisha linapovishwa vijana siku ya furaha. Huko Marekani, ambako shule na vyuo hushindana michezoni kwa ari kubwa, timu nyingi zimejiita kwa majina ya radi, dhoruba na vimbunga. Je, inafaa kile kiuacho watu kugeuzwa kuwa ukelele wa kushangilia?

Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mjini Ames, kilipata jina la Kimbunga mwaka 1895, timu yake ilipoishinda Northwestern kwa alama 36 kwa 0 katika kandanda ya Kimarekani. Gazeti la Chicago liliandika kwamba walioshindwa wamepigwa na kimbunga, na sifa hiyo ikaganda. Lakini upepo hauna uso wala kiwiliwili. Chuo kilipotaka alama ya kuchezacheza mbele ya mashabiki, mwaka 1954, kilimchagua ndege mwekundu, kardinali, kwa kuwa kimbunga hakishoneki wala hakijazwi pamba. Kisha mwezi wa Novemba 2005 chamchela la kweli lilipita karibu na Ames siku ya mchezo. Mpambano ukacheleweshwa, na mashabiki wa Kimbunga wakatakiwa kukimbilia sitara.

Hapo ndipo jina lilipopimwa na mwenye jina.

Miami kuna kisa kingine. Tarehe 18 Septemba 1926 tufani kubwa iliupiga mji huo ikaua mamia ya watu, na chuo kikuu chake kipya kikafungua milango mwezi uliofuata, mji ungali magofu. Timu yake nayo ikaitwa Tufani. Alama yake ni kwarara mweupe, ambaye masimulizi ya huko yanamsifu kuwa ndiye wa mwisho kujificha tufani ijapo, na wa kwanza kurejea ikipita.

Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Tufani ya Aprili 1872 iliziangamiza merikebu za Sayyid Barghash na kuing'oa mikarafuu ya Unguja, ilhali Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikawa zaidi ni mali ya Pemba. Aliyezika jamaa au shamba ana haki ya kuuliza ni nani aliyewaruhusu watoto kulichezea jina la msiba wake.

Jawabu limo katika ndege wale wawili. Anayejiita tufani ili amtishe jirani amejivika nguvu isiyo yake, kwani tufani haina rafiki, haichagui timu, wala haijui kushinda, huvunja tu. Nguvu hiyo haifai kuwa moyo wa shule yoyote. Bali anayelichukua jina hilo kwa kuwa yeye mwenyewe alipigwa, akabaki akijenga, halidhihaki kaburi la mtu; analiweka kumbukumbu. Kwa hiyo ari ya shule haipimwi siku ya alama 36 kwa 0. Hupimwa siku ya kushindwa, viti vikiwa vitupu na mvua ikinyesha, pale inapoonekana ni nani aliyerudi uwanjani.