Maradhi Yasiyosemwa

Aghalabu huambiwa siku hizi kwamba anayetaka kujua hali ya afya ya umma hana haja ya kungoja taarifa za waganga wakuu, kwa kuwa watu wenyewe, kwa kuandika mitandaoni kila kinachowauma, wamekwisha kuwa mashahidi wa nafsi zao. Mwaka 2008 Google ilianza kukadiria mafua ya Marekani kwa kuhesabu maneno ambayo watu huyatafuta intanetini, ikasifiwa mno. Lakini katika msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yake yakakaribia maradufu ya yale ya serikali, na mwaka 2015 kazi hiyo ikasitishwa. Mwenye hofu na mwenye homa huuliza swali lile lile.

Walakini kuzidisha hesabu si kosa zito kama kuusahau ukimya, na ukimya huo una makazi yake hapa Njombe. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, uliopita kaya kwa kaya ukipima damu, ulikuta watu wazima wenye virusi vya UKIMWI mkoani humu ni asilimia 12.7, ilhali Tanzania nzima ni asilimia 4.4. Lakini atakayechungulia soga za simu za Makambako, mji wa njia panda ya Songea na Mbeya, atakuta bei ya viazi na mbao, michango ya harusi, na rambirambi zisizotaja marehemu aliugua nini. Na mzee wa Manda, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, hayumo hata katika ukimya huo.

Neno hupita kwanza mbele ya haya, nayo damu haina haya. Tena aliyenyoosha mkono apimwe aliombwa ridhaa, na sheria ya UKIMWI ya 2008 inamlindia siri ya majibu yake. Bali anayekisiwa ugonjwa kwa maneno aliyowaandikia jamaa zake hakuombwa chochote, na hilo, kwa insafu, siwezi kuliita elimu kabla halijaitwa upekuzi.

Mitandao na isikilizwe kwa uvumi na hofu, mambo iyajuayo barabara. Lakini wenye mamlaka, nawasihi, fedha za kuwapeleka wapimaji majumbani zisipunguzwe kwa hoja kwamba simu zimekwisha kutuambia yote.