Deni la Mhamiaji



Wazee wetu wametuachia methali mbili zinazopingana. Moja yasema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Ya pili yasema, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Ya kwanza yamwonya msafiri asisahau alikotoka; ya pili yamwonya asijifanye mjuzi kule alikofika. Mtu aliyekaa kijijini kwao maisha yake yote hapati taabu na methali hizi. Lakini aliyehama na kujenga ugenini, amsikilize nani? Nchi aliyoiacha yamdai nini, na nchi iliyompokea yamdai nini?

Yafaa tulifikiri swali hili kwa kutazama watu ambao kwa kawaida hatuwakumbuki tunapozungumza habari za wahamiaji, yaani Waingereza, pamoja na Waskoti na Wawelshi, waliohamia Australia. Sisi wa Tanzania ya kati twaijua nchi ile kwa njia ya Kanisa. George Chambers, aliyewekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927, alitoka Sydney, na wengine wengi wa kwao walimfuata. Hao walikuja kwetu. Leo tuwatazame wale waliokwenda kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Australia ilikuwa nchi kubwa kama bara, yenye watu wapatao milioni 7 tu. Mji wa Darwin ulikuwa umepigwa mabomu na Wajapani mwaka 1942, na viongozi wakaona kwamba nchi yenye watu wachache haiwezi kujilinda. Arthur Calwell, aliyekuwa Waziri wa kwanza wa Uhamiaji tangu 1945, akaanza kutafuta watu, na waliotakiwa kwanza ni Waingereza. Kuanzia 1947 mtu mzima aliweza kusafiri kwa kulipa paundi 10 tu, na watoto walisafiri bure. Nauli iliyobaki ilibebwa na serikali. Lakini palikuwa na sharti: msafiri akae miaka miwili, au akitaka kurudi mapema arudishe gharama ya safari yake. Kufika 1972 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehama kutoka Uingereza.

Hawakukosa sababu. Kwao chakula kiligawiwa kwa kadi hadi 1954, na nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa na mabomu. Matangazo yaliwaonyesha jua, pwani, na nyumba yenye bustani. Wakapanda meli, wakapita Suez, Aden na Colombo, na baada ya wiki tano au sita wakateremka Fremantle, Melbourne au Sydney.

Wengi hawakuiona ile nyumba yenye bustani siku hiyo. Walipelekwa katika kambi za serikali, wakalazwa katika mabanda ya mabati yaliyopindwa kama nusu pipa, mfano wa yale ya askari wakati wa vita. Jua likiwa kali banda liliwaka kama tanuri. Bafu na vyoo vilikuwa vya wote, chakula kililiwa katika ukumbi mmoja, na nyama ya kondoo ilirudi mezani mpaka watu wakaichoka. Waliolalamika wakapata sifa mbaya. Wenyeji walikwisha kuwapa Waingereza jina la utani, "Pom", na sasa wakaliambatanisha na neno la kunung'unika, hata mtu akisema tu kwamba leo kuna joto, wenziwe wakacheka.

Baada ya kambi, maisha ya kawaida yalianza. Mji wa Elizabeth, kaskazini ya Adelaide, ulioanzishwa 1955 na kupewa jina la Malkia, ulijaa familia za namna hii, na wengi wao walifanya kazi katika kiwanda cha magari ya Holden, ambacho kilikuja kufungwa mwaka 2017. Baba alikwenda kazini akapata rafiki. Mama alibaki katika mtaa mpya ambao hata miti yake ilikuwa haijakua, mbali na mama yake na dada zake. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya wahamiaji hawa walirudi Uingereza. Na baadhi ya hao, walipofika kwao wakakuta baridi na mvua, na ndugu waliokwisha kuzoea kuishi bila wao, wakafunga mizigo tena wakaenda Australia mara ya pili.

Je, hao walikosa shukrani? Watu wengi hudhani hivyo. Husema, Umepewa kazi, umepewa nyumba, watoto wako wanashiba, walilia nini? Nadhani hukumu hiyo ni ya haraka. Kukumbuka kwenu si dhambi. Mtu asiyemkumbuka mama yake hawi raia mwema zaidi kwa sababu hiyo. Kosa, kama lipo, tulitafute mahali pengine, na mahali pa kulionea ni siku za sikukuu.

Kule kusini ya dunia mwezi wa Desemba ni wakati wa joto. Adelaide joto laweza kupita digrii 40. Shule hufungwa hadi mwisho wa Januari, na watu huenda pwani na mahema, au na nyumba ndogo za kukokotwa na gari. Lakini Mwingereza mgeni alikuwa amelelewa katika Krismasi ya baridi na giza. Basi akawasha tanuri, akachoma batamzinga, akachemsha pudini ya matunda makavu kwa saa nyingi, jasho likimtoka, na ukutani akatundika kadi zenye theluji. Tusimcheke upesi, hata sisi tumetundika kadi za theluji hapa Dodoma. Wenyeji, ambao wengi wao babu zao walitoka Uingereza pia, walikuwa wamekwisha kujifunza kula nyama baridi na kamba wa baharini, kisha wakaenda kucheza kriketi mchangani. Siku hizi, katika milima iliyo magharibi ya Sydney, mahoteli huandaa "Krismasi ya Julai", ili mtu aile pudini yake wakati wa baridi. Huo ni werevu.

Mama yule aliyechemsha pudini katika joto la digrii 40 hakuwa mjinga. Kwa mikono yake alikuwa akizungumza na mama yake aliyekuwa mbali. Lakini pudini ile ile yaweza kupikwa kwa mioyo miwili. Mmoja huipika, kisha humwita jirani Mgiriki au Mwitalia aliyefika mwaka ule ule, akamwambia aje aonje cha kwao, naye yuko tayari kuonja cha mwenzake. Mwingine huipika na kufunga mlango, na mezani hapana neno ila kwamba hapa hawajui kuadhimisha sikukuu. Desturi ikimfungulia jirani mlango, ishikwe. Ikimfungia, hata ikiwa ya mababu, mtu na ajihoji.

Tena yako madai ya wale walioachwa. Asubuhi ya Krismasi inapoanza Sydney, London bado ni usiku wa siku iliyotangulia, maana miji hii miwili hutofautiana saa 11 wakati huo wa mwaka. Katika miaka ya 1950 na 1960 simu ya kuvuka bahari ilikuwa ghali mno, na dakika chache zilizolipiwa ziliweza kwisha kwa kilio. Wazee wengi wa Uingereza waliwaaga watoto wao bandarini wasiwaone tena, na wajukuu waliwajua kwa picha. Tusidhani kwamba ndege na simu za kisasa zimeliondoa jambo hili. Kuanzia Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Australia ilifunga mipaka yake, na hadi Novemba 2021 raia na wakazi wa kudumu hawakuruhusiwa kutoka ila kwa kibali maalumu. Wako waliotazama maziko ya wazazi wao kwenye kioo cha simu.

Mtu anayehama kwa ajili ya heri ya watoto wake anawanyima wazazi wake kitu ambacho hawezi kukirudisha, hata akituma fedha kila mwezi. Sisemi kwamba alifanya vibaya. Pengine alifanya vema kabisa. Lakini deni lisilolipika halifutwi kwa kulisahau. Linachotaka ni kukubaliwa: barua isicheleweshwe, na mzee asiambiwe, "Huku mambo ni mazuri tu," kana kwamba hakupoteza kitu.

Sasa tufikie lililo gumu zaidi. Tarehe 26 Januari, siku ya taifa, Australia hupumzika. Watu huenda pwani na kuchoma nyama, na katika miji mingi wahamiaji huapishwa kuwa raia. Tarehe hiyo hukumbusha mwaka 1788, merikebu za Uingereza zilipotia nanga Sydney na bendera ikapandishwa. Lakini nchi haikuwa tupu. Waaborijini walikuwa wamekaa humo zaidi ya miaka 50,000. Siku hiyo hiyo mwaka 1938, wengine walipokuwa wakisherehekea miaka 150, viongozi wa Waaborijini walikutana Sydney wakaitangaza kuwa Siku ya Maombolezo.

Tena kumbukeni nani aliyefunguliwa mlango. Kwa sheria ya mwaka 1901, iliyolegezwa kidogo kidogo hata siasa yake ikafutwa kabisa 1973, Mwafrika au Mwasia alizuiwa, lakini Mwingereza alilipiwa nauli. Alipofika, aliandikishwa kupiga kura bila hata kuomba uraia. Na Waingereza waliokuwa katika daftari la wapiga kura kabla ya tarehe 26 Januari 1984 wanayo haki hiyo hata leo. Ndiyo sababu wengi wao hawakujiona kuwa wahamiaji. Walijiona kuwa nyumbani. Lakini nyumbani kwa nani?

Mtu atajibu, Fundi wa Birmingham aliyefika 1965 na watoto watatu hakumnyang'anya mtu ardhi. Alifanya kazi, akalipa kodi, hawiwi na mtu kitu. Jibu hili lina haki ndani yake, nalo lisipuuzwe. Lakini hatia na deni ni mambo mawili. Mtu akinunua ng'ombe mnadani kwa bei ndogo, asijue kwamba ng'ombe yule ameibwa, yeye si mwizi. Lakini siku mwenyewe akija na kuonyesha alama ya ng'ombe wake, mnunuzi hawezi kusema, "Mimi nimelipa, mambo yamekwisha." Hana hatia, lakini analo jambo la kusikiliza.

Na mwenyewe amekwisha kuonyesha alama. Tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ya Australia iliamua, katika kesi ya Eddie Mabo wa Kisiwa cha Murray, kwamba si kweli kuwa nchi ile haikuwa na wenyewe Waingereza walipofika. Mabo mwenyewe alikufa Januari ya mwaka huo, hakuisikia hukumu.

Basi, mhamiaji afanye nini? Hakuna anayemtaka afunge mizigo. Ajue kwanza jina la watu ambao nyumba yake imesimama katika nchi yao; aliyekaa Elizabeth ajue kwamba pale ni nchi ya Wakaurna. Asikilize habari zao hata zikimharibia mapumziko ya Januari. Na uwezo aliopewa autumie. Mwaka 1967 wapiga kura wa Australia waliulizwa kama Waaborijini wahesabiwe katika idadi ya watu wa nchi, na kama serikali kuu iweze kutunga sheria kwa ajili yao. Zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo. Kura ilikuwa ya lazima, kwa hiyo wahamiaji Waingereza waliokuwa katika daftari walipiga pia. Huo ni mfano wa mgeni aliyekabidhiwa sauti, na wengi wao waliitumia vema.

Methali zetu mbili, basi, hazigombani. Kila moja yamsemesha mtu mwenye kishawishi chake. Anayetaka kuwasahau wazee wake aambiwe ile ya kwanza. Anayefika kwa watu na kudhani kwamba nchi ilianza siku aliposhuka melini aambiwe ya pili. Wengi wetu twahitaji kuambiwa zote mbili, kwa zamu.

Nasi tunao watoto walio Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo, na kati yetu wako waliokuja kujenga hapa kutoka mikoa mingine. Sikukuu ijayo, mwenye mtoto mbali asimlaumu kwa machozi yake, wala mtoto asifiche kwamba aliacha kitu. Na aliyejenga kwa watu, amwulize mzee wa mahali hapo, shamba hili kabla yangu lilikuwa la nani, akae chini amsikilize.