Ushuru wa Mnywa Sere

Kodi ni neno ambalo wengi hulitaja kwa kunung'unika. Yafaa tuitazame leo si kwa jicho la mfuko bali kwa jicho la haki, maana kwa ajili yake damu nyingi imemwagika katika nchi yetu, na hapa Tabora ilianza kumwagika kabla bendera ya Mdachi haijapandishwa.

Alipofariki Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, yapata mwaka 1858, alitawala baada yake Mnywa Sere. Wakati huo Waarabu wa Unguja na Omani walikuwa wamekwisha kujenga matembe yao Kazeh, wakinunua pembe na watumwa. Mtemi mpya akaamuru kila shehena iingiayo nchini mwake ilipiwe ushuru. Waarabu wakakataa, nao wakashika bunduki. Ajabu ni kwamba wafanyabiashara hao hao walipopita Ugogo walilipa hongo kwa mtemi mmoja baada ya mwingine, tena kwa kugombana sana, lakini walilipa. Ugogo walijijua kuwa wageni. Unyanyembe walikuwa wamekwisha kujiona wenye nyumba.

Basi wakamwondoa Mnywa Sere, wakamtawaza Mkasiwa mahali pake. Mtemi aliyefukuzwa akaingia porini akipigana. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza Speke alikutana naye, akaombwa awapatanishe, upatanisho haukufaulu. Mwaka 1865 Mnywa Sere akakamatwa na kuuawa. Aliyeanza kwa kudai ushuru akafa akiipigania nchi. Miaka 6 baadaye, mwaka 1871, Mirambo wa Urambo akaifunga njia ya misafara kwenda Ujiji, na vita ikaanza upya.

Tusiwafanye watu hao kuwa watakatifu. Rugaruga wa Mirambo walichoma vijiji vya watu wasio na kosa, na mali iliyogombewa njiani ilikuwa pia shingo za wanadamu. Hata hivyo swali la Mnywa Sere lilikuwa swali la haki: ni nani mwenye kutoza katika nchi, na kwa idhini ya nani?

Wadachi walilijibu kwa mizinga. Januari 1893 Mtemi Isike, alipoona boma lake limevunjwa, alijilipua kwa baruti asishikwe. Haikupita miaka mingi, mwaka 1898, kodi ya nyumba ikaanza kudaiwa, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Huko kusini kodi hiyo, pamoja na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ikazaa Majimaji mwaka 1905. Kanisa nalo lilionja uchungu wake: Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda na masista, waliuawa njiani mwezi wa Agosti mwaka huo. Hawakuwa watoza kodi. Lakini watu walioonewa muda mrefu hawakuwatenga tena wageni kwa kazi zao.

Maandiko Matakatifu yanatusimulia habari ya Rehoboamu, mwana wa Solomoni. Watu walimwomba awapunguzie nira ya baba yake. Wazee wakamshauri akubali. Yeye akawasikiliza vijana wenzake, akajibu kwa ukali. Makabila kumi yakajitenga, na msimamizi wa shokoa aliyetumwa kwao akapigwa mawe hata kufa. Hatuna budi kuona kwamba watu wale hawakuomba wasilipe. Waliomba kusikilizwa.

Uhuru ulipodaiwa tena, mkutano wa TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958 ulichagua kuingia katika uchaguzi, ingawa masharti ya kura tatu yaliudhi, kuliko kuususia. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru pasipo vita. Watozaji wakawa ndugu zetu wenyewe, lakini ukali haukuondoka pamoja na Mwingereza: wazee wanakumbuka wanaume waliolala porini wakiwakimbia mgambo wa kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

Kulipa kodi ya haki ni wajibu wa dhamiri, ndivyo Kanisa lifundishavyo. Na kutoa hesabu yake ni wajibu ule ule. Tunaye Mkristo mwenye duka aandikaye risiti ya nusu ya bei. Tunaye pia Mkristo wa halmashauri ya kijiji ambaye mwaka mzima hajasoma mapato na matumizi mbele ya mkutano. Jumapili hao wawili hupokea Komunyo katika Misa moja, na kila mmoja akitoka nje humlaumu mwenzake.