Mgeni wa Sebuleni na Mgeni wa Shambani

Kabla Injili haijahubiriwa katika nchi ya Karagwe, ukarimu ulikwisha kuwa na makao yake huko. Mgeni aliyefika penye nyumba ya Mnyambo alitanguliziwa kahawa kabla hajaulizwa haja iliyomleta. Si kahawa ya kunywa katika kikombe, bali buni zilizochemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri kisha zikakaushwa, zikatafunwa na mwenyeji na mgeni wake kwa wakati mmoja. Na watu wawili walipotaka kufungamana kwa udugu wa damu, buni mbili za tunda moja ndizo zilizotiwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Mwaka 1861 Mukama, yaani mfalme, Rumanyika aliwapokea wasafiri wa Kiingereza, Speke na Grant, kwa jamala waliyoisifu sana katika maandishi yao, na Grant alipougua mguu hata asiweze kwenda, alibaki katika hifadhi ya mwenyeji wake kwa muda wa miezi, hali mwenziwe amekwisha kushika njia ya Buganda.

Ikiwa hayo yote yalikuwapo, ni halali kuuliza Injili iliongeza nini. Mkristo wa Nyakakika, huku Karagwe, asiyejiuliza swali hilo hudhani kuwa ameitimiza amri ya upendo kwa sababu mgeni wake hakuondoka na njaa, kumbe alilolitenda ni desturi njema ya babu zake, ambayo angaliitenda hata kama asingalibatizwa. Rumanyika, pamoja na ukunjufu wake wote, alimkirimu mtu mwenye bunduki, vitambaa na habari za mbali. Kristo hakuutangua ukarimu huo. Aliutaka ufike kwa mtu asiye na kitu mkononi, wala nasaba ya kutajwa, wala matumaini ya kuulipa, na tena ufike kwake bila kupungukiwa na taadhima hata chembe.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, nasi tulilionja. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na wengine wengi wakaja Karagwe, makambi ya Chabalisa, Kagenyi na Omukariro yakajaa. Msaada mwingi ulitolewa, wa makanisa na wa majirani, na Mwenyezi Mungu awajazi waliotoa, kwa kuwa nchi yenyewe ilipata hasara na miti yake ilimalizwa kwa kuni. Lakini siku zilipozidi kuwa nyingi, yule ambaye kwao alikuwa mwalimu, au seremala, au mama mwenye nyumba yake na amri yake, akawa kwetu kinywa cha kulishwa na hesabu ya kupunguzwa. Na Serikali ilipowataka warejee kwao kabla ya mwisho wa Desemba 1996, walikuwapo miongoni mwetu waliofurahi bila kuyajua majina ya watu waliokaa nao zaidi ya miaka miwili.

Wema huweza kushuka kutoka juu kwenda chini, na anayeupokea akabaki chini vile vile. Heshima haishuki, maana mwenye kuheshimu hana budi kusimama pale aliposimama mwenziwe. Ndiyo maana kisa cha kisima cha Samaria hunifundisha zaidi kuliko hotuba nyingi za sadaka: Bwana hakuanza kwa kumpa yule mwanamke kitu, alianza kwa kumwomba maji. Mwanamke wa kabila lililodharauliwa, ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake, aliombwa hisani na yule aliyekuwa na uwezo wa kumpa yote, na kwa ombi lile akainuliwa kuwa mwenyeji, mwenye mtungi, anayehitajiwa.

Leo mgeni wa namna hiyo hayumo kambini. Yumo katika migomba na mibuni yetu. Hutoka Burundi au Rwanda, akalima na kupalilia, akachuma kahawa, akalala penye ghala. Hula peke yake nyuma ya nyumba, na aitwapo huitwa kwa nchi yake. Ni wangapi kati yetu waliopata kumtangulizia kibarua wao buni za kutafuna, hata zile alizozichuma kwa mikono yake? Tena wapo wanaochelewesha ujira mpaka msimu uishe, kisha humtisha kwa jina la uhamiaji ili aondoke mikono mitupu. Tuliiona Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali mwaka 2013, na jinsi waliooa na kuzaa huku walivyotengwa na jamaa zao. Dola ina haki ya kulinda mipaka yake, nami sishindani na haki hiyo. Lakini hakuna sheria iliyomruhusu mwenye shamba kula jasho la mtu, na Torati iliamuru maskini aliyeajiriwa apewe ujira wake kabla jua halijachwa, awe ndugu, awe ajinabi.

Katika makanisa yetu, ibada ikiisha, sadaka za shamba hunadiwa nje: mkungu wa ndizi, kuku, kikapu cha maharage. Jina la mtoaji hutajwa, watu wakashangilia, na bei ikapanda. Ningependa wazee wa kanisa, kabla mnada haujafunguliwa siku ya mavuno, wamwulize kila mtoaji kwa upole ni nani aliyelima shamba lile, kama amekwisha kulipwa, na kama alialikwa kuja kuketi benchi moja na familia ya mwenye shamba. Yule ambaye hajalipa na arudi na mkungu wake nyumbani, amlipe mtu wake jioni ile ile, kisha aulete Jumapili ifuatayo pamoja naye.