Ramli Iliyovaa Kanzu

 

Ukitoka Msikiti wa Jamia hapa Nairobi baada ya sala, ukapanda matatu ya kurudi Kawangware, utaziona karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima: mganga kutoka Tanga, daktari kutoka Pemba, anarudisha mpenzi, anashinda kesi, anafungua biashara. Wengi wetu tunazipita tukitikisa kichwa. Leo nataka kusema juu ya yule tusiyemtikisia kichwa: aliyevaa kanzu, mwenye kitabu cha Kiarabu mapajani, anayeanza na Bismillahi kisha akakuuliza jina lako na jina la mama yako mzazi.

Majina hayo anayageuza hesabu kwa abjadi, alifu 1 hadi ghaini 1000, anajumlisha, anagawa kwa 12, na kinachobaki anakuambia ndiyo nyota yako. Kitabu chake mara nyingi hunasibishwa na Abu Maashar, mnajimu wa Balkh aliyefariki mwaka 886. Kuandikwa kwa herufi za Qur'ani hakukigeuzi kuwa dini. Zile buruji 12 za nyota asili yake ni Babeli, karne nyingi kabla ya Mtume kuzaliwa; zikapita kwa Wayunani, ndipo zikafika Baghdad. Msichanganye na falaki ya kujua nyakati za sala, kibla na mwandamo wa mwezi. Hiyo ni neema, na Sura Yunus, aya ya 5, imeitaja.

Hamu ya kuijua kesho haina kabila. Wababeli walichinja kondoo wakasoma ini lake. Wachina wa enzi ya Shang walichoma mifupa na magamba ya kobe wakasoma nyufa. Huku kwetu, kabla Nairobi haijawa mji, mundu mugo wa Wakikuyu alimwaga mbegu kutoka kibuyuni akazihesabu, na wazee wa Waturkana wa kaskazini husoma matumbo ya mbuzi hadi leo. Makureshi nao walikuwa na mishale yao, azlam. Siku Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alikuta Nabii Ibrahim na Nabii Ismail wamechorwa wakiwa na mishale hiyo mikononi. Imam Bukhari amepokea kwamba aliapa kuwa wao hawakuaguza kwayo kamwe. Tafakarini, ndugu zangu. Washirikina walimtia mshale mkononi baba wa Mitume ili uaguzi wao upate heshima. Na sisi leo tumeushikisha Msahafu kazi ile ile.

Jirani yako Mkristo naye akifungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 18, atakuta uaguzi umekatazwa.

Mtu atasema: mbona mwaguzi aliniambia kweli? Bibi Aisha (r.a.) alipokea jibu kutoka kwa Mtume mwenyewe: ni neno moja la kweli alilolinyakua jini, likachanganywa na uongo mia. Na majini hao hao, Sura Saba, aya ya 14, inatueleza waliendelea kutumika mbele ya Nabii Sulayman hali amekwisha kufa, ameegemea fimbo yake, wasijue.

Linaloniumiza zaidi ni jawabu linalotoka kwenye ramli. Mwaguzi hana kesho ya kukuuzia, basi hukuuzia adui. Duka lako la barabara ya Luthuli limedorora kwa kuwa kodi imepanda na wateja hawana pesa. Yeye atakuambia umefungwa, aliyekufunga ni mwanamke, wa upande wa baba, mnakula naye sahani moja. Hakutaja jina. Jina umelitaja wewe, moyoni, ukiwa ndani ya matatu. Tangu hapo shangazi yako akileta chakula, kinamwagwa.

Kwa kumuuliza mwaguzi tu, Imam Muslim amepokea, sala za siku 40 hazikubaliwi. Na mtu huyo bado anaamka alfajiri kuja msikitini!

Badala ya mwaguzi tumepewa istikhara, sala ya kumwomba Mungu atuchagulie, nayo tunaiharibu. Tunamtumia mtu pesa kwa simu atuswalie, kisha tunangoja atuambie ameota nini. Jabir bin Abdillah anasema Mtume aliwafundisha istikhara kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani, maana yake kila mmoja aijue mwenyewe. Rakaa mbili, kisha dua. Iangalieni dua ile: humo huombi kuambiwa lolote. Unaomba upewe lililo na kheri, uepushwe na lililo na shari, na uridhishwe. Halafu unafunga safari, au unaposa, au unafungua duka.

Na kama ulikwenda, ukaambiwa ni shangazi, toba yako ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa Mola wako, na mlango wake u wazi. Ya pili iko Kangemi, au Dagoretti, au popote anapoishi yule uliyemkatia salamu. Mpelekee unga na sukari, kaa naye mpaka chai iishe, na chakula chake ukile. Anayeona uzito kwenda peke yake, tuonane hapa baada ya sala, twende pamoja.